Kilengeo Kilichopinda

Shambani, nje ya Sandrud, Montana
3 Februari

Mpendwa Britta,

Nimepata barua yako na picha ya utepe wa bluu. Mshindi wa kwanza wa kulenga shabaha, na hukusema mpaka mwisho kabisa, baada ya habari za paka! Mimi nilifundisha watoto wa wilaya hii kusoma na kuandika mpaka shule ikafungwa, na sikumfundisha hata mmoja kuficha jambo kubwa chini ya paka.

Sasa nina swali la kitaalamu kwa mshindi. Bastola ya marehemu Babu yako, ile ya risasi sita, naishika vizuri kama zamani. Lakini nikiinyoosha, kile kinundu cha mbele kwenye ncha ya mtutu kimekuwa ukungu mtupu, kama kidole gumba cha mtu aliyejificha nyuma ya pazia. Na lile pengo la nyuma, ambalo kinundu kinatakiwa kukaa katikati yake, limepinda. Nadhani Babu yako aliiangusha na hakusema, kama kawaida yake. Nasikia siku hizi kuna vilengeo vya kila aina, hata vyenye taa. Mtu wa umri wangu anunue kipi? Kuna kicheche chini ya banda la kuku, ananuka mpaka kwenye kahawa yangu.

Usimwambie mama yako. Atasema ni dalili. Kwa mama yako kila kitu ni dalili kwamba nihamie Missoula, kwenye lile jengo la wazee ambako wanakulisha maharage laini na kukupigia makofi ukiamka.

Andika kwa herufi kubwa. Si kwa sababu ya macho yangu. Ni kwa sababu mwandiko wako ni wa kuku.

Bibi yako,
Verna Tveit


Missoula
12 Februari

Bibi mpendwa,

Naandika kwa herufi kubwa kama ulivyosema. Natumaini kuku huyu anasomeka.

Nilimuuliza Bwana Ostby, mkufunzi wa klabu yetu. Sikutaja jina lako. Anasema jicho haliwezi kuona vitu vitatu vizuri kwa wakati mmoja, yaani pengo la nyuma, kinundu cha mbele, na kile unacholenga. Lazima uchague kimoja, na sisi tunafundishwa kuchagua kinundu, vile vingine tuviache vififie. Shida ni kwamba lenzi ya jicho hukakamaa kadiri miaka inavyokwenda. Urefu wa mkono ulionyooshwa ni mbali mno kwa miwani ya kusomea na karibu mno kwa miwani ya kutazamia mbali. Wenye miwani ya sehemu mbili huinua kidevu ili wapate kuona kwa chini, shingo inachoka, mkono unatikisika. Kwa hiyo anashauri kwanza umwone mpima macho akupe lenzi inayofika kwenye ncha ya mtutu. Kisha kinundu kinene chenye rangi kali, na pengo la nyuma pana zaidi, ili mwanga uonekane pande zote mbili.

Vile vyenye taa ni kijioo kidogo kinachofungwa juu ya bastola. Ndani yake kuna doa jekundu. Huhitaji kupanga kinundu na pengo, unatazama mbele tu na doa linakaa pale risasi itakapokwenda. Wazee wengi wanavipenda. Lakini anasema ukiwa na kasoro fulani za jicho, doa halionekani doa. Na bastola za risasi sita za zamani ni kazi kuzifungia kijioo, kwa hiyo ujaribu dukani kabla ya kununua.

Bibi, nina swali moja na usikasirike. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kicheche hupigwa kwa bunduki ndefu, kwa mbali, upepo ukiwa mgongoni. Kwa nini unataka bastola?

Sitamwambia Mama. Lakini niambie mimi.

Mjukuu wako akupendaye,
Britta


Shambani
24 Februari

Mpendwa Britta,

Umekuwa mwerevu kuliko inavyonifaa.

Hakuna kicheche. Thelma Hagen, yule wa ng'ambo ya kijito, alitoka bafuni akamkuta mwanamume jikoni kwake anapekua droo. Mchana, wenzake wakiwa kanisani. Jamaa huyo alimsukuma, mkono umevunjika, na Thelma hajui sura yake kwa sababu alikuwa amejifunga skafu usoni. Wiki iliyofuata nilikuta kufuli la tangi langu la dizeli limekatwa na nyayo za buti si za mtu ninayemjua. Nilimpigia naibu wa sherifu. Akija mbio sana, kahawa niliyomwekea huwa imeshapoa. Si kosa lake, wilaya ni kubwa na yeye ni mmoja.

Kwa hiyo sasa unajua. Bastola iko juu ya boksi la mkate.

Nilifuata ushauri wako. Nimepaka kinundu rangi ya kucha, ile ya chungwa uliyoisahau hapa majira ya joto. Kikawaka kama taa ya breki. Nikaweka makopo juu ya uzio. Makopo hayakupata hata mchubuko. Nikaenda kwa Lavern Stroh, fundi wa bunduki. Akanipa bastola yenye kijioo nichungulie.

"Unaona doa, Verna?"

"Naona nyanya iliyokanyagwa na trekta."

"Geuza kidogo."

"Sasa naona nyanya iliyokanyagwa mara mbili."

Akacheka mpaka akajifuta macho. Nikamwambia basi anyooshe lile pengo la nyuma. Akaliweka kwenye mwanga, akaliwekea rula ya chuma, akasema limenyooka kama siku lilipotoka kiwandani. Nikamwambia, "Lavern, wewe ndiye unayehitaji miwani." Akaudhika kidogo. Sijui nani atamrekebishia yeye macho.

Unaweza kutaka kuniuliza kwa nini nisifunge mlango. Mlango wa jikoni wa nyumba hii haujawahi kufungwa kwa ufunguo. Sijui kama una ufunguo. Kwetu mtu huingia, anavua buti, anaita "Uko?", anaweka alicholeta juu ya meza. Nikianza kujifungia, kufikia Jumapili kanisa zima litasema Verna Tveit amezeeka.

Nataka kilengeo tu, mtoto. Kilengeo kimoja ninachoweza kukiona.

Bibi


Missoula
4 Machi

Bibi mpendwa,

Nilisoma barua yako darasani na sikusikia kitu kingine chochote siku ile. Pole kwa Mama Hagen. Samahani kwa swali la kicheche.

Jana nilimweleza Bwana Ostby kuhusu fundi na rula yake. Nilidhani atacheka, lakini aliacha hata kufunga boksi la risasi. Kisha akauliza, "Je, fremu za milango nazo anaziona zimepinda?" Nikasema sijui. Akasema baba yake aliwahi kulaumu kilengeo, akalaumu bastola, akalaumu hata nguzo za uzio wake kwamba waliozisimika walikuwa wamelewa. Mwishowe ilikuwa jicho. Kuna ugonjwa unaokaa nyuma kabisa ya jicho, katikati, pale panaposoma na kutambua sura za watu. Mstari ulionyooka huonekana umepinda, na baadaye katikati panaweza kuwa na doa jeusi. Ukiwahi, daktari ana dawa. Ukichelewa, hana. Miwani haitoshi, rangi ya kucha haitoshi.

Bibi, tafadhali fanya hivi. Kaa mezani, tazama mlango wa jikoni. Fumba jicho la kushoto, tazama fremu. Kisha fumba la kulia. Niambie unaona nini. Niambie kweli.

Na mpaka utakaponijibu, naomba bastola isikae juu ya boksi la mkate. Katika klabu yetu sheria tunazisema kwa sauti kabla ya kugusa chochote, na ile ya mwisho ni jua unacholenga na kilicho nyuma yake. Nimeisema mara nyingi mpaka ikawa kama wimbo tu. Usiku huu si wimbo.

Mama amekubali nije Pasaka. Nitaingia kwa mlango wa jikoni kama siku zote.

Britta


Shambani
9 Machi

Britta,

Mlango umenyooka. Nimetazama kwa jicho hili na lile. Mwambie Bwana Ostby asante, na amfikishie salamu baba yake.

Upepo ni mkali na ndama wameanza kuzaliwa kwa jirani Kolstad. Nina kazi. Njoo Pasaka, nitapika lefse, ile mikate yetu myembamba ya viazi ya Kinorwe.

Bibi


Missoula
14 Machi

Bibi mpendwa,

Nimefurahi sana kuhusu mlango! Nilimwonyesha Bwana Ostby barua yako. Aliishika muda mrefu akauliza kama kawaida mistari yako huporomoka hivi katikati ya ukurasa. Nikamwambia wewe ndiye uliyefundisha wilaya nzima kuandika juu ya mstari, kwa hiyo lazima ulikuwa na haraka.

Ulikuwa na haraka, sivyo?

Britta


Kwa Kolstad, nje ya Sandrud
13 Machi

Binti Britta,

Mimi ni Dewey Kolstad, jirani wa bibi yako, mwenye gari la bluu, yule uliyemtapikia buti ulipokuwa mdogo baada ya pai ya rubabu, yale mabua machachu. Nimepata anwani yako nyuma ya bahasha iliyokuwa juu ya meza ya Verna. Ningepiga simu, lakini najijua. Ningezungumza hali ya hewa nikakata.

Jana nilikuwa nimeoka lile bakuli la viazi, nyama ya kusaga na jibini ambalo marehemu mke wangu alikuwa akipika. Silipatii kama yeye, ila linalika. Nikampelekea Verna mchana, jua likiwaka juu ya theluji. Nikaingia jikoni nikavua buti, nikaita "Uko?" kama nilivyofanya tangu nikiwa kijana. Lakini nina mafua, sauti yangu ni kama mlango wa zizi, na upepo ulikuwa unalia kwenye bomba la jiko.

Alikuwa mezani. Akasimama na bastola ya Einar, marehemu babu yako, mkononi, imenyooka kwenye kifua changu. Kinundu cha chungwa nilikiona vizuri sana mimi, nakuhakikishia.

Nikasema, "Verna, ni mimi."

Akasema, "Mimi nani?"

"Dewey!"

"Sogea kwenye mwanga."

Binti, nilikuwa kwenye mwanga. Dirisha lilikuwa mbele yangu, jua lote usoni. Na kati yetu ilikuwa meza tu.

Bakuli likaniponyoka. Nadhani ule mlio, pamoja na nilivyotukana kwa Kinorwe, ndio uliomwambia ni mimi. Akaishusha. Akakaa. Tukakaa wote wawili, tukamwangalia Skip mbwa akila viazi sakafuni. Kisha akasema, "Ukimwambia mtu, Dewey, sitakusemesha mpaka nife." Nikasema sawa.

Sasa ninamwambia mtu. Mwanamke yule aliwahi kuniita kutoka upande wa pili wa malisho akaniambia vifungo vya shati langu vimepishana. Nataka kuendelea kuingia jikoni kwake. Na nataka wewe uingie Pasaka, utoke salama.

Wako,
D. Kolstad


Missoula
18 Machi

Bibi,

Barua ya Mzee Kolstad imefika leo. Usimkasirikie. Kasirika na mimi, kwa sababu nitakachokisema sasa ni kibaya zaidi.

Uliniambia mlango umenyooka. Haujanyooka, sivyo? Hukuwa na haraka. Mistari yako iliporomoka katikati kwa sababu hapo katikati huoni.

Nimekaa na kalamu tangu nilipotoka shuleni. Nilikuahidi sitamwambia Mama, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ahadi si kitu cha kuvaa siku ya jua na kuvua siku ya mvua. Nimejaribu kutafuta njia ya kuitunza. Nimefikiri nikuombe tena, kwa upole zaidi. Lakini Bwana Ostby alisema ukichelewa hawana dawa, na sijui ni lini kuchelewa kunaanza. Huenda kumeanza wakati nikiandika "Bibi mpendwa" na kuuliza juu ya haraka.

Mama anarudi kutoka zamu ya hospitali saa moja. Nitamwambia akivua koti. Nitamwambia kuhusu jicho. Nitamwambia kuhusu Mzee Kolstad pia, kwa sababu nikificha nusu ni sawa na kuficha yote.

Najua anachoweza kusema kuhusu jengo la wazee. Nitakutetea. Lakini siwezi kukutetea ukiwa kipofu, na siwezi kukutetea ukiwa umempiga risasi mtu aliyekuletea chakula.

Tafadhali mpe Mzee Kolstad bastola leo.

Britta


Missoula
29 Machi

Bibi mpendwa,

Mama amerudi kutoka Great Falls, kwa yule daktari wa macho mliyekwenda kumwona. Anasema Mzee Kolstad aliendesha njia yote kofia ikiwa magotini kama anakwenda mazishini, na kwamba daktari alipotaja sindano ndani ya jicho ulimuuliza kama amewahi kuchoma chanjo ng'ombe anayerusha teke. Anasema hukutikisika ilipoingia.

Anasema pia hukutaja jina langu, wakati wa kwenda wala wa kurudi.

Nimechungulia sanduku la barua kila siku. Huhitaji kuandika mambo mengi. Hata ukiandika "mwandiko wako ni wa kuku" nitafurahi.

Mama bado hajaamua kuhusu jengo. Anasema ataamua baada ya Pasaka, nikishakuja nikaona mwenyewe, nikamwandikia. Sikuomba kazi hiyo.

Britta


Shambani
4 Aprili

Britta,

Mwandiko wako ni wa kuku.

Sasa yaliyobaki. Nilikukasirikia sana. Nilikuwa nimeandika barua nyingine, ya maneno mazuri ambayo ningeyajutia, nikaitia kwenye jiko. Nilikasirika kwa sababu ulivunja ahadi, na nilikasirika zaidi kwa sababu mahali ulipoivunjia ndipo mimi mwenyewe ningekwambia uivunje, kama ungekuwa mwanafunzi wangu na bibi angekuwa wa mtu mwingine.

Daktari anasema kuna vimishipa vinavyovuja nyuma ya jicho. Jicho la kushoto limekuwa hivyo muda mrefu, nami nililiachia la kulia lifanye kazi yote, kama vile mama yako na mjomba wako walivyokuwa wakifanya na vyombo. La kulia limeanza kuharibika majira haya ya baridi. Hilo wameliwahi. Sindano ni kila mwezi, na kama zitasaidia tutaona. Kwa hiyo nimekusamehe kwa jicho la kulia. La kushoto bado linafikiria.

Nataka nikwambie jambo ambalo sijamwambia Dewey. Siku ile sikuona mtu mwenye sura ya Dewey nikamdhania mwizi. Niliona mabega, nikaona mikono, na mahali pa uso palikuwa hapana kitu. Ukungu wa kijivu juu ya shati. Unamkumbuka yule wa Thelma, na skafu yake? Kwangu mimi kila aliyeingia alikuwa amevaa skafu. Na kile kinundu chetu cha chungwa, Britta, kilikuwa kimekaa sawasawa. Sikitazami kwa katikati ya jicho siku hizi, nakiiba kwa pembeni, na siku ile nilikipata. Ndicho kitu pekee nilichokiona. Kidole changu kilikuwa mahali ambapo klabu yenu hairuhusu.

Tulihangaika majira yote ya baridi tukitafuta kilengeo cha kuniambia risasi itakwenda wapi. Hatukuuliza itamkuta nani.

Bastola iko kwenye kabati la chuma la Dewey. Niliitoa mimi kwa mkono wangu. Hakuninyang'anya. Hakikisha mama yako anaelewa tofauti hiyo. Daktari akisema jicho linatosha, Lavern ataifungia kinundu kinene na pengo pana, na mpima macho atanitengenezea lenzi ya urefu wa mkono, kama ulivyoshauri mwanzoni kabisa. Akisema halitoshi, itabaki kwa Dewey, na mimi nitabaki na mbwa.

Dewey amefunga taa kali kona zote, zinawaka hata panya akipita. Lavern ameweka komeo na kufuli kwenye mlango wa jikoni, na kwa ubishi wake akaniwekea rula kuonyesha limenyooka. Nimetangaza kanisani, kwenye kahawa baada ya ibada, kwamba kuanzia sasa kwa Verna Tveit watu watapiga hodi, wataje jina, wangoje waitikiwe. Kisha Thelma Hagen, na mkono wake kwenye bendeji, akasema, "Na kwangu pia." Mwingine akasema na kwake. Inaonekana kila mtu alikuwa anangoja mwenzake azeeke kwanza.

Thelma hajampata mtu wake. Wala mimi wangu. Bado yuko mahali fulani, na usiku upepo ukigonga bati nakaa wima kitandani. Sitaki udhani taa na kufuli vimeniondolea hofu. Ila sasa ninaogopa kitu kimoja, zamani nilikuwa naogopa viwili, yeye na watu kujua kwamba sioni.

Njoo.

Bibi yako,
Verna Tveit


Missoula
10 Aprili

Bibi mpendwa,

Barua yako nimeisoma mpaka imelainika kwenye mikunjo. Nimeipima mistari kwa rula kama Bwana Stroh. Bado inashuka katikati, lakini si kama mwezi uliopita. Sitasema zaidi, nisije nikafanya hesabu ya matumaini halafu nikaisahihisha mwenyewe.

Nitafika Ijumaa Kuu. Mzee Kolstad atanipokea kwenye kituo cha basi. Nitasimama nje ya mlango, nitapiga hodi, nitataja jina langu lote kwa sauti. Usipoitikia sitaingia, hata kukiwa na mvua ya mawe.

Na Bibi, Mama anataka nimwandikie ninachokiona. Nitamwandikia kweli. Nimeona nikwambie mapema, ili safari hii kusiwe na kitu nyuma ya mgongo wako.

Britta


Shambani
14 Aprili

Mpendwa Britta,

Ndivyo inavyotakiwa. Mwandikie kweli.

Nina ombi moja. Dewey akushushe getini, usije na gari mpaka mlangoni. Nitakuwa kwenye baraza. Usiseme jina lako wala usiite. Simama tu pale, upunge mkono. Kutoka barazani mpaka geti najua ni umbali gani, nimewatambua watu pale maisha yangu yote. Nataka nijue kama wewe ni wewe kabla hujaniambia.

Nikishindwa, utalitaja, na utamwandikia mama yako hivyo.

Bibi


Shambani
Ijumaa Kuu

Mama mpendwa,

Nimefika salama. Uliniambia nitazame vizuri, nikuandikie ninachokiona na si ninachokitaka, kwa hiyo nakuandikia sasa hivi, nikiwa mezani jikoni, kabla sijalala nikapamba mambo.

Mzee Kolstad alinishusha getini. Akazima injini akavua kofia. Nikamuuliza kwa nini, akasema hajui. Bibi alikuwa barazani na aproni yake, kiganja juu ya macho, Skip miguuni. Nilisimama nikapunga mkono. Hakupunga.

Akageuza kichwa kidogo upande mmoja, kama kuku anayetazama punje. Kisha akakigeuza upande wa pili. Nilijua anatafuta pembe ambayo bado inaona. Niliendelea kupunga. Akashuka ngazi moja akasimama tena. Mama, mkono ulianza kuniuma na sikuthubutu kuushusha, na Mzee Kolstad nyuma yangu alikuwa ameacha hata kukohoa. Bibi alitikisa kichwa polepole. Nikaona mabega yake yanashuka. Nikafungua kinywa ili nitaje jina langu, kama tulivyokubaliana.

"Britta Tveit!" akapaza sauti. "Nani amekukata nywele namna hiyo? Mbuzi?"

Sikumwandikia kuhusu nywele. Nimemuuliza Mzee Kolstad, naye anasema hakumwambia, na kwamba angemwambia asingetumia neno mbuzi.

Kwa hiyo hiki ndicho nilichokiona. Jicho la kushoto halitarudi, na mwenyewe anajua. La kulia linafanya kazi polepole, kwa kutafuta. Kahawa alinimiminia ikafurika kidogo. Gari haendeshi tena, funguo amezitundika jikoni kwa Mzee Kolstad karibu na kabati la chuma. Taa zinawaka. Kufuli linafunga, nimelijaribu mara nyingi. Bado anaogopa, na nadhani mtu wa hapa asiyeogopa sasa hivi angenitia wasiwasi zaidi. Uamuzi ni wenu wewe na yeye. Lakini umeniuliza mimi, na mimi nasema abaki.

Nilipofika mlangoni ulikuwa wazi na yeye amesimama hapo hapo ndani, karibu kiasi cha kunigusa, unga wa lefse mpaka kwenye viwiko. Tulitazamana. Nikagonga fremu hata hivyo.

"Hodi," nikasema. "Ni Britta."

Akajifuta mikono kwanza kwenye aproni, taratibu, kama mtu mwenye nyumba yake.

"Karibu," akasema. "Vua buti."

Binti yako,
Britta